Vidole Vinne vya Mbao Kavu

Juzi kijana mmoja wa semina alinipa karatasi nijaze. Nimestaafu zamani na bila miwani sioni hata mkono wangu, lakini alisema wanawataka hata wazee waliofundisha enzi za mkoloni. Swali la tatu liliuliza: Ulianza lini kufahamu haki za watoto? Chini yake wameweka kijisanduku, nafasi ya kuandika mwaka tu. Nikamwambia kijisanduku hicho hakinitoshi. Akacheka, akadhani bibi anamtania. Basi nimechukua daftari langu mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tano, mwaka wa hamsini na saba. Nilianza siku hiyo kwa sababu siku hiyo nilimchapa mtoto asiye na kosa, na mkono uliomchapa ni huu ninaoandikia. Anayetaka kusoma habari za mwalimu aliyezaliwa mwema alifunge daftari hapa hapa.

Shule yetu ilikuwa Mikwajuni, ukingo wa mashariki wa Tana, chini kidogo ya Garsen. Majengo mawili ya udongo na makuti, madarasa manne, walimu watatu. Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Gershom, Mpokomo kama mimi, mwenye kaptura iliyopigwa pasi ya makaa hadi ikasimama yenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Hasira yangu juu yake haijaisha mpaka leo, lakini uongo siuwezi. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kibali cha kufungua darasa la tano, ili watoto wetu wasikomee la nne na kurudi kwenye mpunga. Wakubwa wa misheni walimwambia kwamba shule za mtoni zina ugonjwa wa kuchelewa, na ugonjwa ukipona kibali kitakuja. Gershom akaamua kuuponya kwa fimbo.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti changu kipya kabisa, mwanamke wa kwanza kufundisha pale. Nilipewa darasa la kwanza na la pili, nikapewa kazi ya kuwachapa wasichana, na nikapewa kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gurudumu la lori lililofia topeni, imening'inizwa kwenye nguzo, na kigongeo chake kilikuwa bolti nene ya urefu wa kiganja. Saa moja na nusu asubuhi nagonga. Atakayefika baada ya mlio huo, fimbo mbili. Nilikuwa najivunia ule mlio wangu, ulisikika mpaka ng'ambo.

Na huko ng'ambo, upande wa Garsen, ndiko walikotoka wanafunzi wetu ishirini na wanne. Walivuka kwa mtumbwi wa Godhana, mkulima wa mpunga, na aliyeshika pondo, ule mti mrefu wa kuusukumia, alikuwa binti yake Gladys, wa darasa la nne, miaka kumi na mitatu, mikono mirefu na maneno machache. Mtumbwi ulichukua sita, yeye wa saba. Watu ishirini na wanne ni safari nne. Wakati wa kiangazi hilo si neno. Mto ukijaa, maji mekundu yakishuka na magogo, kwenda na kurudi ni karibu nusu saa. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili angeifanya kwa vidole. Gershom aliyefundisha hesabu hakuifanya, wala mimi sikuifanya.

Watu wa mtoni tuna kipimo chetu. Mtumbwi ukishapakiwa, mwenye pondo huweka mkono ubavuni kwa nje, kidole kidogo kikigusa maji. Vidole vinne vikienea kwenye mbao kavu, mnaondoka. Vikienea vitatu, mmoja anashuka. Hakuna ubishi. Hata mzee wa baraza akiambiwa shuka, hushuka, maana mto hauulizi cheo cha mtu. Nimekua na kipimo hicho, nilikijua kabla sijajua alfabeti.

Jumanne ile nilisimama kwenye nguzo yangu, na kutoka pale mto unaonekana wote. Nikauona mtumbwi katikati ya maji, vichwa vimebanana humo. Nilihesabu kumi na mmoja, mbali na Gladys; wengine walikuwa wameshavuka. Nikaigeukia saa ya ukutani iliyotundikwa mlangoni kwa Gershom. Nikagonga.

Waliposikia mlio walianza kupiga maji kwa mikono, kila mmoja na upande wake, ili wafike upesi. Mtumbwi ukayumba, ukanywa maji, ukazama hatua chache kutoka ukingoni. Wakubwa walisimama, maji kifuani. Wadogo walishika mizizi ya mkuyu ulioinamia mto, wakavutwa mmoja mmoja. Hakupotea mtu. Zilipotea sleti sita. Ilikuwa bahati tu, na bahati si kitu cha kuandikia ratiba ya shule.

Walipanda kilima wanachuruzika, wakapanga mstari wenyewe, bila kuambiwa. Hilo ndilo linalonitia uchungu mpaka leo, kwamba walipanga mstari wenyewe. Gershom akawachapa wavulana, mbili za kuchelewa na mbili za sleti. Kisha akaniambia wasichana ni wangu. Ubaoni, kwa mwandiko wake mzuri, palikuwa na sentensi ya wiki ya kunakili: Haraka haraka haina baraka. Niliisoma nikiwa na fimbo mkononi, na bado nikachapa.

Gladys alikuwa wa mwisho. Nguo mbichi hulia tofauti na nguo kavu, fimbo ikigusa. Nilipomaliza nikamuuliza, kwa ile sauti ya mtu anayetafuta pa kuweka lawama, kwa nini amepakia kumi na mmoja naye ni mtoto wa mtoni na vidole vinne anavijua.

Akatazama miguu yangu. "Mamba anaweza kukosa, mwalimu," akasema. "Fimbo haikosi."

Hakusema kwa ujeuri. Alikuwa ameipiga hesabu tuliyoshindwa kuipiga sisi, akaniletea jibu lake. Niliingia darasani nikawaambia watoto wachore chochote, kwa sababu mdomo wangu haukuweza kufundisha kitu siku hiyo.

Mchana nilivuka na safari ya mwisho ya watoto kwenda kwa Godhana. Aliutoa mtumbwi majini, akaufudikiza, akaukagua kama una ufa. Alinipa kigoda, akamwita mkewe aniletee maji ya kunywa, akaniuliza habari za nyumbani kwetu, moja baada ya nyingine, kama heshima inavyotaka. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Hakunipa nafasi.

"Mimi nilimfundisha vidole vinne akiwa na miaka sita," akasema. "Nyinyi mmemfundisha viwili. Sasa niambie, mwalimu, kati yetu nani anajua kufundisha?"

Nilirudi nyumbani na kulala na lile swali, na asubuhi niliamka nalo. Lakini asubuhi ile niliamka na kitu kingine pia, nilikuwa nimekasirika. Si kwa Godhana. Nilijikasirikia mwenyewe kwanza, kisha Gershom, kisha kila mtu aliyewahi kuniambia kwamba utiifu wa mwalimu ni kuitii saa.

Saa moja na nusu ilifika, sikugonga. Nilisimama kwenye nguzo na bolti mkononi nikitazama mto. Safari mbili zilikuwa zimeshafika, sita na sita. Ya tatu ikatua, sita. Gershom akatoka mlangoni, akaitazama saa, akanitazama. Nikamwambia kengele bado. Akarudi ndani, nadhani alifikiri saa yake imekosea. Ilipotua safari ya nne na mtoto wa mwisho kukanyaga nchi kavu, ndipo nikagonga, na ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tano. Hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyechelewa siku hiyo, maana kengele iliwakuta wote uwanjani.

Tulibishana ofisini kwake mlango umefungwa. Alisema ninaharibu kazi ya miaka mitano. Alisema darasa la tano litakwenda kwa shule nyingine kwa ajili ya huruma yangu ya kike. Nikamwambia siyo huruma, mtoto ana haki ya kufika mzima kabla ya kufika mapema. Neno haki lilimchekesha kweli, si kwa kejeli. Akasema mtoto ana wajibu, haki ni ya watu wazima wanaolipa kodi, na mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nikamjibu kwamba tukiendelea hivi, atakayelia ni mama wa ng'ambo, na hatakuwa analilia fimbo. Kisha akanyoosha mkono, akaniamuru nimpe bolti. Sikumpa. Niliitia mfukoni mwa gauni, nikatoka, na tangu siku hiyo nililala nayo chini ya mto wangu.

Mchana ule niliteremka hadi kwenye mtumbwi na kuzungumza na watoto wa ng'ambo. Niliwaambia atakayevuka kwa vidole vinne hatachapwa na mimi, na akichapwa na mwingine anieleze. Atakayevuka kwa viwili, hata akiwahi, nitamrudisha kwao. Wakatazamana. Walikuwa hawajawahi kusikia mwalimu akisema njooni polepole. Gladys alikuwa anafunga kamba ya mtumbwi. Akaniuliza kama kipimo hicho ni kwa watoto tu.

"Ni kwa kila mtu," nikamwambia. "Mwalimu mkuu, mchungaji, hata mimi. Vidole havijai, mtu hapandi."

Akaitikia kwa kichwa, akamaliza fundo lake. Nilidhani ni maneno ya mwalimu yatakayopita, kama mengine mengi.

Wiki tano tuliishi hivyo. Gershom alipata chuma kingine cha kugongea, akawa anagonga saa moja na nusu, nami nagonga safari ya nne ikitua, shule moja na kengele mbili, na watoto wakajifunza haraka sana ipi ni yao. Mlio wake ukilia, hakuna aliyekimbia. Wavulana aliwachapa siku mbili tatu, kisha akachoka, maana walikuja wametulia, wakanyoosha mikono, na mtu aliyetulia hachapiki vizuri. Wazazi walianza kuteremka mtoni asubuhi kutazama kipimo. Hata mama yake Thoya, mtoto mdogo kuliko wote wa darasa la kwanza, aliacha kumsindikiza, akasema mtumbwi wa shule sasa una adabu.

Kisha afisa wa elimu akaja, na hakuleta habari kabla. Alikuwa Mzungu kijana, pua imeungua jua, Landrova yake imetapakaa tope hadi kwenye vioo. Saa moja na dakika arobaini alikuta nusu ya shule uwanjani na nusu iko mtoni, na Gershom, maskini, jasho linamtoka. Akauliza kwa nini shule haijaanza. Gershom akasema msaidizi wake amekataa amri. Hakusema zaidi ya hapo, na sikumlaumu, ni kweli nilikuwa nimekataa.

Afisa aliniita. Nilimwonyesha mto, nikamweleza safari nne, nikamweleza vidole. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema kanuni ni kanuni, na mto umekuwepo tangu zamani, watoto waamke mapema. Akatoa kalamu.

"Andika jina lote, bwana afisa," nikamwambia. "Dinah Hawayu. Usije ukamwandikia mwingine."

Aliliandika. Baada ya wiki mbili barua ikaja: nifike mbele ya kamati ya shule mjini Malindi, Jumamosi saa tatu asubuhi, nijitetee. Nisipofika nitahesabiwa nimeacha kazi, na cheti changu kitarudishwa kwao.

Nataka ieleweke kwamba nilitaka kufika. Nilikuwa na hotuba. Niliirudia nikifua, niliirudia nikipika, niliwasomea mbuzi. Kamati nzima ingenisikiliza, na kama wangenifukuza wangenifukuza wakiwa wamesikia. Basi la Malindi lilitoka Garsen Ijumaa saa kumi alasiri, na lingine lilikuwa Jumatatu. Kutoka kivukoni hadi Garsen ni mwendo wa saa moja, na nilikuwa na sanduku la bati. Gershom alikataa kuniruhusu kabla ya kipindi cha mwisho. Shule ilifungwa saa nane na nusu. Nikivuka kwa safari ya kwanza, nalipata basi nikihema. Nikivuka kwa ya pili, silipati.

Nilishuka mtoni karibu nikikimbia, sanduku kichwani. Gershom alinifuata na fimbo yake kwapani, kuhakikisha nimekwenda, au labda kuniaga, sijui. Maji yalikuwa yamepungua kidogo lakini bado mto ulikuwa mpana na mwekundu. Mtumbwi ulikuwa umeshapakiwa, watoto sita wa darasa la kwanza na la pili, Thoya mbele kabisa, na Gladys amesimama nyuma na pondo. Nikatia sanduku, nikatia mguu, nikakaa. Gladys akainama, akaweka mkono ubavuni.

"Viwili, mwalimu," akasema.

Nikamwambia nina basi. Nikamwambia ni leo tu, na maji yamepungua, na mimi si mzito. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi, Dinah, mwenye bolti. Thoya akainuka anipishe, kama mtoto mwenye adabu anavyompisha mkubwa. Gladys akamshika bega akamkalisha.

Gershom aliongea kutoka ukingoni. "Binti, mwalimu wako anaitwa Malindi. Shusha wawili."

"Hawa walifika kwanza," Gladys akasema. Hakuinua sauti. Mkono wake haukutoka ubavuni. "Na mwalimu alisema kila mtu. Alisema hata yeye."

Nitasema ukweli, maana nilianza kwa ukweli. Kwa muda wa kufumba na kufumbua nilitaka kumchapa. Mkono wangu uliwasha. Niliona kazi yangu, cheti changu, hotuba yangu yote ikisimama nyuma ya mkono mmoja mwembamba wa mtoto wa mkulima. Kisha nikauangalia ule mkono. Alikuwa anaogopa, ananiogopa mimi, anamwogopa Gershom na fimbo yake, na alikuwa hauondoi. Wiki chache nyuma mtoto huyu huyu alimwogopa mwalimu kuliko mamba.

Nikashuka. Maji yalifika magotini. Nikatoa sanduku langu, nikaliweka kwenye nyasi, nikalikalia. Gladys akapima tena, vikaenea vinne, akasukuma pondo. Gershom alisimama karibu nami, tukawatazama wakivuka polepole, vichwa saba. Walipotua salama akajikohoza, akapanda kilima kurudi shuleni. Fimbo aliisahau pale ukingoni. Wengine waliniambia aliiacha makusudi. Mimi nasema aliisahau, na hata hiyo ni hatua.

Basi lilikwenda. Kamati ilikaa bila mimi, ikaandika kwamba Mwalimu Dinah hakufika kwa wakati, na ikanifuta. Ndiyo, kwa kuchelewa. Nilikaa miaka miwili bila darasa, nikilima mpunga na kuwafundisha watu wazima kusoma chini ya ukumbi wa kanisa, mpaka shule nyingine huko juu ya mto iliponichukua bila kuuliza maswali. Darasa la tano la Mikwajuni lilikuja mwaka uliofuata. Godhana alinieleza kwamba siku za mafuriko Gershom alianza kuwa na mazoea ya kutafuta kile chuma chake cha kugongea, na hakukipata kamwe mpaka mtumbwi wa nne utue. Hakuwahi kuniomba radhi. Wala mimi sikumrudishia bolti yake, ninayo hapa, naitumia kuzuilia mlango upepo ukivuma.

Lakini Ijumaa ile, nilipokuwa bado nimekalia sanduku, na mbali upande wa Garsen vumbi la basi lilianza kuinuka, likija kupakia abiria, Gladys alirudi na mtumbwi mtupu. Watoto wa safari ya pili walikuwa wameketi nyasini wakingoja. Akawaangalia, akaniangalia mimi, akahesabu. Akawaita wanne. Akaniambia nilete sanduku. Nikalitia, nikasimama majini nikisubiri, kama mtu mwingine yeyote. Akainama, akaweka mkono ubavuni, kidole kidogo kikigusa maji, akautazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Vinne, mwalimu," akasema. "Sasa panda."